Medali za babu keya zimepotea, sasa tunazitafutaje?

Huku kusini, uwe Mikindani, Newala, Masasi, Nachingwea au Liwale, ukikaa na familia hata nusu saa tu utasikia kuna babu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki. Alienda Habeshi (Ethiopia ya leo), au alienda Burma (Myanmar ya leo), akarudi na koti la jeshi na medali, koti likachakaa, medali hakuna anayejua zilipo. Alafu linakuja swali, tunazipataje tena? Na hapo ndo watu wanachanganya, maana ndani ya swali hilo moja kuna mambo matatu: kuna anayetaka kile chuma chenyewe alichovaa babu, kuna anayetaka ushahidi kwamba babu alistahili, na kuna anayetaka hela ila anaona aibu kusema.

Hela tuimalize mapema. Medali ya vita, ile anayopewa kila aliyeshiriki, haina malipo yoyote nyuma yake, wala mjukuu hana pensheni anayodai kwa sababu ya medali. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza pauni milioni 12 kwa ajili ya maveterani wa Jumuiya ya Madola waliokuwa bado hai na hali zao ngumu, na hata hizo hazikuwa za wajukuu. Kwa hiyo mtu akija kijijini na fomu za "fidia ya keya" na anaomba elfu tano tano za kuandika majina, huyo mpeni maji ya kunywa aende zake.

Zinabaki mbili, chuma na ushahidi. Watu wengi wanaanza na chuma, mi naona hapo ndo wanapopotea, na sababu ni hii: medali za Vita vya Pili walizopewa askari wetu zilitoka kiwandani bila jina la mtu. Hazina jina, hazina namba, hazina chochote cha kusema hii ya fulani bin fulani. Kwa hiyo hata ukiiona medali ya babu yako mwenyewe kwa muuza vitu vya kale Dar, huwezi kuijua. Za Vita vya Kwanza ni tofauti, zile ziligongwa namba, cheo, jina na kikosi kwenye ukingo, pale pembeni pembamba unapoiweka medali isimame, na ukipata moja ya hizo basi umepata faili zima. Ila za Pili, ambazo ndo nyingi kwenye familia zetu, chuma hakiwezi kukupeleka kwa babu. Inabidi uanze na babu ndo akupeleke kwenye chuma.

Kabla hamjasema zimepotea lakini, hakikisheni kweli zimepotea. Kuna familia moja upande wa Masasi bibi alikuwa na sanduku la mbao, na kwenye ufunguo wa sanduku ameninginiza kidude cha shaba chenye ncha sita, kimesuguliwa na mikono miaka mingi hadi ncha zimekuwa butu kama za kisu cha jikoni. Wajukuu wote wamekua wanakijua hicho kama ufunguo wa bibi basi. Ukikiweka juani na kukigeuza geuza unaona katikati taji, chini yake herufi za mfalme zimefungamana, GRI na VI, na kwenye duara linalozunguka maandishi THE BURMA STAR. Nyuma tupu kabisa, hamna kitu. Utepe ulishaoza zamani, pete ya juu ndo ikapitishwa uzi wa katani. Hiyo ndo medali yenyewe waliyokuwa wanaitafuta.

Nyingine inayodanganya ni War Medal ya 1939–1945, ile ya mviringo. Upande mmoja kichwa cha mfalme George wa Sita, upande wa pili simba kasimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Sasa kumbuka shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na kichwa cha mfalme huku na simba kule, kwa hiyo mtu akiiona kwenye kopo la vifungo anasema hela ya mkoloni hiyo, anamtupia mtoto achezee. Ya medali ni kubwa zaidi, upana wake milimita 36, na juu ina kitu cha kushikia utepe, au kovu la mahali kilipokuwa. Simba wa shilingi yuko na milima nyuma yake, simba wa medali yuko juu ya joka. Nendeni mkaangalie makopo yenu leo leo.

Kingine ambacho watu wa mjini wanasahau: mmeuliza kwa nani? Watoto wa marehemu ndo wanaulizana wao kwa wao, wakati huku kwetu, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, na vitu vya mwanaume vilikuwa vinaenda kwa mpwa. Kwa hiyo medali na karatasi za babu zinaweza kuwa zimetulia kwenye nyumba ya mtoto wa dada yake, na ninyi watoto wa kuzaa mmekaa Dar mnasema zimeibiwa. Nendeni kwa wapwa. Nendeni korosho zikishaisha, msimu ukiwa umepamba moto hakuna mzee atakayekaa na wewe chini ya mwembe kuongea habari za Burma.

Zilizopotea kweli zina njia zake pia. Kimbunga cha Aprili 1952 kilichopiga pwani ya Lindi na Mikindani kiliondoka na mapaa na vilivyokuwa chini ya mapaa. Miaka ya 1970 watu wakahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa, unabeba mtoto, jembe na chungu, sanduku la karatasi unalirudia kesho na kesho haifiki. Mchwa nao wana sehemu yao. Na ile British War Medal ya 1914–1918 ilikuwa fedha, fedha halisi, na pwani hii kuanzia Kilwa mafundi fedha wapo toka enzi, sasa njaa ikibisha hodi medali ya fedha inageuka bangili. Sioni wa kumlaumu hapo.

Haya, tuje kwenye ushahidi. Mnachohitaji ni vitu viwili tu, namba ya jeshi na safari ya babu. Namba inakuwa kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, au kwenye kile kidude cha kuvaa shingoni, au nyuma ya picha ya studio aliyopiga na kofia yake. Huwa ina herufi mbele, ziandikeni zote bila kuruka, maana mkiandika tarakimu peke yake mnaweza kuangukia kwa mtu mwingine kabisa.

Kama namba hamna, kuna safari. Keya ilikuwa na mabatalioni mengi ila ya Tanganyika yana alama rahisi kukumbuka, yanaishia na sita: la 6, la 26, la 36 na la 46. Wazee wetu wa huku, hasa Wayao, wengine walijiandikisha Nyasaland (Malawi ya leo) kwa sababu walikuwa na ndugu huko, hao wanaweza kuwa kwenye la 1, la 2 au la 22. Sasa kila batalioni lilikuwa na njia yake, na maneno ya mzee yanakuonyesha njia hata kama hakutaja batalioni. Akisema alipigana na Mtaliano, hiyo ni Somalia na Habeshi 1940 na 1941, batalioni la 6 lilikuwepo huko, na ndilo la Sajini Nigel Leakey aliyepewa Victoria Cross, medali ya juu kabisa ya ushujaa ya Mwingereza, kwa kupanda juu ya kifaru cha Mtaliano pale Colito, Mei 1941. Akisema Bukini, yaani Madagaska, ni 1942, la 6 tena. Akisema Kolombo alafu mvua, tope, malaria na chakula kinadondoshwa na ndege, hapo yuko na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walifanya mazoezi Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1943, wakaingia Burma 1944, wakashuka bonde la Kabaw kwenye masika ya huko, Desemba wakavuka mto Chindwin. Batalioni la 26 na la 36 walikuwemo. La 46 lilikuja na Brigedi ya 28 wakapigana upande wa mto Irrawaddy 1945.

Hapo tu mmeshajua medali nyingi. Aliyekuwa Habeshi, Somalia, Eritrea au Sudani kati ya 10 Juni 1940 na 27 Novemba 1941 anaingia kwenye Africa Star. Aliyefika Burma vitani anaingia kwenye Burma Star. War Medal ilikuwa ya karibu kila mtu, siku 28 za utumishi zinatosha. 1939–1945 Star kwa kawaida ni miezi sita ya kuwa eneo la mapigano. Defence Medal ina masharti yake ya muda na mahali, hiyo iacheni pembeni mpaka mpate karatasi.

Na hapa nimeona familia nyingi zinajiongezea. Wanaona jina Africa Star wanasema si babu alikuwa Mwafrika, alipigania Afrika, wanaiweka. Hapana. Mtu aliyejiandikisha 1942 akapelekwa Ceylon na Burma hana Africa Star hata kama kazaliwa Tandahimba na kazikwa Tandahimba. Hata waliopigana Madagaska peke yake hawana, japo kisiwa chenyewe kiko hapo ng'ambo tu.

Mambo ya majina yatawatoa jasho. Karani mzungu aliandika alichosikia, kwa hiyo Asumani anaweza kuwa Athmani, Osman, Asman, Othuman, na ubini umekatwa au umegeuzwa kuwa jina la kwanza. Kuna waliojiandikisha kwa jina la kaka mtu, kuna waliotaja jina la jumbe wao, kuna walioingia na jina la nyumbani wakatoka na jina la Kiislamu au la kikristo. Andikeni kwanza kila namna ambayo jina linaweza kuandikwa, ndo mtafute.

Mnatafuta wapi? Kama babu hakurudi, anzeni na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, orodha yao iko mtandaoni bure kabisa hata kwa simu ya kawaida yenye bando. Kuna waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives, iliyopigwa na nyambizi ya Kijapani, watu 1,297 walikufa na humo kulikuwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, na familia nyingi zilipata habari tu kwamba kapotelea baharini. Kuna majina Nairobi, kuna majina kwenye ukumbusho wa Taukkyan kule Myanmar. Ila kwa Vita vya Kwanza msikate tamaa mkikosa jina, kosa si lenu. Tume yenyewe ilitoa ripoti 2021 ikakiri kwamba Waafrika wengi sana, wapagazi na askari, hawakuandikwa majina kabisa, inakadiria waliokufa bila kukumbukwa kwa jina au bila kukumbukwa kabisa, Afrika na kwingine, ni 116,000 kwenda juu, na huenda wanafika 350,000.

Kama alirudi, kuna hifadhi ya nyaraka ya Uingereza pale Kew, London. Msiende na matumaini ya kukuta faili binafsi la babu, kinachosaidia pale ni shajara za vita za vikosi, kila siku kikosi kilikuwa wapi na kilifanya nini. Za Burma ziko kwenye namba WO 172, za upande wa Habeshi WO 169, za Vita vya Kwanza Afrika Mashariki ziko ndani ya WO 95. Mapendekezo ya medali za ushujaa yako WO 373, humo askari Waafrika wapo kwa majina, na ukikuta jina la babu humo utasoma siku yenyewe, alibeba nani, alirusha bomu wapi. Waliopewa za ushujaa walitangazwa pia kwenye London Gazette, gazeti la serikali yao, nalo linasomeka bure mtandaoni. Hapa nyumbani kuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar, yenye mafaili ya utawala wa mkoloni wilaya kwa wilaya, Lindi, Newala, Masasi, Mikindani. Barua kati ya boma na makao makuu kuhusu askari waliorudi ni kitu cha kuulizia. Ulizeni utaratibu wao kwanza kabla ya kupanda basi, kutoka Mtwara hadi Dar si mchezo.

Kuna jambo la Vita vya Kwanza ambalo ni la kwetu hasa. Mahiwa, hapo karibu na Nyangao, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 palipiganwa moja ya vita vikali kuliko vyote vya Afrika Mashariki, Wanigeria wakiwa upande wa Mwingereza, Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, na askari wake upande wa pili, baada ya hapo Mjerumani akarudi nyuma hadi Newala akavuka Ruvuma mwezi Novemba. Watu wakilima kule bado wanasikika wakisema wameokota medali. Jamani, medali za vita ile zilitengenezwa vita vimeisha, hakuna aliyekufa Mahiwa akiwa amevaa British War Medal ya 1914–1918. Mnachookota ni vifungo, maganda ya risasi, beji za kofia, bizimu za mikanda. Navyo vina thamani yake kihistoria, ila msiviite medali ya babu, na kikiwa kizito chenye umbo la bomu msikiguse, iteni polisi.

Na wapo ambao babu yao alikuwa upande wa Mjerumani. Huko ni kugumu. Mafaili ya jeshi la Prussia yaliungua Potsdam Aprili 1945, na mafaili ya wizara ya makoloni yaliyobaki, namba R 1001, yako Berlin, ila yanaongelea mambo ya utawala zaidi kuliko askari mmoja mmoja. Ila kuna mlango wa nyuma: baadhi ya askari wa Mjerumani waliotekwa walichukuliwa wakaundiwa batalioni la 6 la keya 1917. Kwa hiyo babu mmoja anaweza kuwa amepigana pande zote mbili ndani ya vita hiyo hiyo, na medali ya Mwingereza yenye jina lake ukingoni ikawa ndo karatasi pekee aliyoacha. Msishangae mzee akiwa anatoa amri kwa Kijerumani na anaimba nyimbo za keya.

Za miaka ya 1950 nazo zipo. Batalioni za Tanganyika zilipelekwa Kenya wakati wa Mau Mau na waliokuwepo walipewa Africa General Service Medal yenye kipande cha juu kilichoandikwa Kenya. Hii ina jina ukingoni, kwa hiyo ni rahisi kuifuatilia kuliko zote. Shida yake ni nyingine, kuna familia zikijua ni ya nini zinakaa kimya, maana babu alikuwa na bunduki upande wa mkoloni dhidi ya watu waliodai ardhi yao. Mi naona iwekwe kwenye fremu na maelezo yake kamili. Ukiificha hiyo moja basi hata zile za Burma umezipunguzia ukweli.

Sasa kupata chuma. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ina ofisi ya medali. Za Vita vya Kwanza hawatoi tena. Za Vita vya Pili ambazo hazikuwahi kuchukuliwa, ndugu wa karibu anaweza kuomba akiwa na uthibitisho wa utumishi, ndo maana nikasema namba kwanza. Zilizotolewa zikapotea nyumbani ni habari nyingine, hawabadilishi hivi hivi, wanataka sababu nzito kama wizi wenye ripoti ya polisi au moto. Kwa hiyo familia nyingi zinaishia kununua, na kwa kuwa za Vita vya Pili hazina jina, Burma Star halisi ya 1945 unayonunua kwa muuzaji haina tofauti yoyote na aliyovaa babu, zimetoka kwenye chuma kile kile. Zipo na kopi za kisasa, bei poa, zinang'aa sana na ncha zake ni kali. Kopi si dhambi. Dhambi ni kuiweka sebuleni na kumwambia mgeni hii babu alivikwa kifuani na mfalme. Nyuma ya fremu bandikeni karatasi: hizi zimenunuliwa mwaka fulani kuchukua nafasi ya zilizopotea, babu alistahili hizi kwa sababu ya hili na hili, na hapa palipo na wazi hatukuwa na uhakika. Nafasi tupu kwenye fremu ina heshima kuliko nyota ya kubahatisha.

Mkibahatika kupata za babu zenyewe msizisugue na ndimu na majivu. Najua mikono inawasha. Ule weusi ndo umri wake, na kwenye zile za Vita vya Kwanza ukisugua sana unafuta jina la ukingoni, yaani unamfuta mwenyewe. Kitambaa kikavu, basi, na msizitundike ukuta unaoangalia bahari, chumvi ya hewa ya Mtwara mnaijua inavyofanya mabati.

Kupanga ni hivi, ukiangalia kutoka kushoto kwako: 1939–1945 Star, alafu Africa Star, alafu Burma Star, alafu Defence Medal, mwisho War Medal. Ya Burma utepe wake una nyekundu pana katikati, pembeni bluu iliyokatwa na mstari wa rangi ya chungwa, ya Africa ni rangi ya mchanga na nyekundu katikati, na mistari miwili myembamba, bluu iliyoiva upande mmoja na bluu ya mbingu upande mwingine. Mjukuu akitaka kuzivaa siku ya mashujaa, 25 Julai, au kwenye arobaini ya bibi, desturi ya huko zilikotoka ni kwamba mwenyewe anavaa kifua cha kushoto, ndugu aliyerithi anavaa kulia. Na avae na shati lake la kawaida au kanzu, asije akatafuta na gwanda la kuoanisha, JWTZ hawataki kabisa kuona raia na mavazi ya jeshi na hawatauliza kwanza kama babu yako alivuka Chindwin.